Gari la Kuvuta Farasi

Pikapu yetu ya petroli ilikufa kwenye mlima kabla ya kufika kijiji cha Ulaya, mchana kweupe, farasi wawili wakiwa kwenye tela nyuma yangu. Nilikuwa natoka Mikumi harusini, narudi nyumbani Kilosa. Kwanza mshale wa joto ulipanda, halafu mvuke ukatoka chini ya boneti, halafu kimya. Nikavuta hendibreki. Ilishika kidogo, ikaachia, na nikahisi lile tela likianza kunirudisha nyuma, polepole, kama mtu aliyekushika upindo wa nguo akikuomba usiondoke.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, nikakata usukani. Tela likaegemea udongo wa ukingoni, likasimama. Farasi walipiga kwato mara mbili tatu, wakatulia. Nikageukia kiti cha kushoto nikasema, kwa sauti kabisa, "Shuka uweke jiwe."

Kiti kilikuwa kitupu. Kazi ya kuweka jiwe nyuma ya tairi ilikuwa ya mume wangu siku zote. Mimi nilikuwa dereva, yeye alikuwa mtu wa farasi. Gari likisumbua mlimani alikuwa akiruka chini kabla halijatulia, jiwe mkononi. Sasa alikuwa makaburini tangu masika, na mimi bado nilikuwa namwagiza.

Nilishuka nikaliweka mwenyewe.

Mimi nimezaliwa Kilosa, mjukuu wa mtu aliyeletwa kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Nimeendesha magari ya ofisi ya kilimo mpaka nikastaafu, mwanamke peke yangu kati ya madereva. Mume wangu alikuwa akitunza farasi kwenye shamba la mwekezaji mmoja, huko nyanda za juu. Shamba lilipofungwa wakabaki farasi wawili ambao hakuna aliyewataka: dume mweupe aliyehasiwa, na jike wa kahawia. Akaja nao nyumbani. Majirani walidhani amerukwa na akili. Lakini baada ya muda bwana harusi mmoja aliomba kuingia ukumbini juu ya yule mweupe, na tangu siku hiyo tukawa na kazi. Harusi, mahafali, na Jumamosi na Jumapili wageni wa Mikumi waliotaka kupigwa picha juu ya farasi.

Alipofariki, nyumba haikukubali kwamba ameondoka. Yule jike alikataa kula. Nilimwekea pumba, majani mabichi, hata miwa iliyokatwakatwa. Aliangalia kona ya nyumba tu, mahali mume wangu alipokuwa akitokea asubuhi. Siku moja matope yalikuwa mengi, nikavaa buti za marehemu kwa kuwa ndizo zilizokuwa mlangoni. Farasi aliposikia zile buti kwenye kokoto alinyanyua kichwa, akalia kwa furaha. Nilipotokea akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akainama akala. Kuanzia siku hiyo nikawa navaa buti zake kila asubuhi. Zilinipwaya. Nilizijaza matambara, nikajifunza kuburuta kisigino cha kulia kama alivyokuwa akiburuta yeye, na mara nyingine niliposikia ule mburuto nilisimama ghafla, nikasikiliza kama utaendelea bila mimi.

Mdogo wa mume wangu ni fundi wa dizeli Dumila. Yeye ndiye aliyekuja kutukwamua siku ile mlimani. Alifungua boneti, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii ulikuwa unaiua. Petroli ndogo hivi, tela, farasi wawili, na milima ya Ulaya? Ulikuwa unamtwisha mtoto gunia."

"Kaka yako ndiye aliyeichagua."

"Kaka alichagua alichokiweza. Tafuta dizeli. Iliyotumika si neno, mradi haijachoka."

Basi tukaanza kutafuta.

Ya kwanza tuliiona Dumila, nyuma ya vibanda vya chakula karibu na njia panda. Ilikuwa nyeupe, imepakwa rangi mpya mpaka ndani ya milango, matairi yanang'aa. Muuzaji, mtu mwenye simu mbili na maneno mengi, alisema haijawashwa tangu juzi. Niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto kama paji la uso la mtu mwenye homa. Dizeli iliyochoka huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, kwa hiyo mwenye nia yake huiamsha kabla mteja hajafika. Shemeji alipofungua kifuniko cha oili huku injini ikinguruma, moshi ulitoka kwa mapigo.

"Inapumua," aliniambia pembeni. "Ndani imekwisha."

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti nyuma kuangalia ndoano ya tela. Ilikuwa imechomelewa kwenye bampa, haikugusa chasisi kabisa. Ukivuta farasi kwa bampa, siku moja wewe utafika, wao watabaki njiani.

Kabla hatujaondoka nilikaa kidogo kwenye usukani wake, mlango umefungwa. Sikusikia kitu. Hakuna harufu ya mume wangu, hakuna kikohozi chake, hakuna mtu upande wa kushoto. Nilishukuru. Halafu, tukiwa njiani kurudi, nikasikitika, na sikumwambia shemeji kwa nini nimenyamaza.

Ya pili ilikuwa hapahapa Kilosa, ya mfanyabiashara wa mbao. Hiyo ilikuwa na nguvu kweli. Tuliifungia tela letu, tukalijaza mifuko ya mchanga mpaka likawa zito kama farasi wawili, tukapanda nalo kilima bila injini kulalamika. Shemeji alikuwa anacheka kwa furaha. Nikageuza juu, tukaanza kushuka.

Mume wangu alikuwa na msemo wake. Kila gari linajua kuvuta, alikuwa akisema. Liulize kama linajua kusimama. Tulipofika katikati ya mteremko lile tela likaanza kutusukuma. Nilikanyaga breki, pedeli ikaenda chini mpaka karibu na sakafu. Nikashusha gia, gari likaguna, kasi ikapungua kidogo. Nikatupa jicho kushoto. Shemeji alikuwa ameegemeza kiganja kwenye dashibodi, vidole vimetanuliwa, taya limekazwa, na kwa muda mfupi yule hakuwa shemeji yangu. Ulikuwa mkono wa mume wangu. Lilikuwa taya la mume wangu.

Nilifika chini, nikasimamisha gari, nikashuka nikaenda mbali nalo.

"Vipi?" shemeji aliuliza.

"Breki."

Ilikuwa kweli ni breki.

Ya tatu tuliambiwa ipo Kilangali, kwa mama mmoja mjane upande wa mashamba ya mbegu. Tulimkuta anapepeta mpunga uani. Alikuwa mdogo kwangu, ametoka eda si siku nyingi, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Karibuni. Lile pale."

Lilikuwa chini ya kibanda cha mabati, pikapu ya buluu iliyofifia mpaka kukaribia kijivu, mlango mmoja umebonyea, makapi ya mpunga yamejaa kwenye mifereji ya bodi. Niligusa boneti: baridi, na umande juu yake. Shemeji aliingia chini akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyekuta alichokuwa akikitafuta. Chasisi haikuwa na kutu wala haikuwahi kuchomelewa. Ndoano ilikuwa imefungwa kwa bolti nene kwenye chasisi yenyewe. Marehemu mume wa yule mama alikuwa akivuta tela la magunia, akaitunza kazi yake.

Shemeji akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja, likatoa wingu dogo la moshi, likatulia. Nilisikia ungo ukianguka. Yule mama alikuwa ameziba masikio kwa kanga.

Tulizima. Nilimwendea, nikamsaidia kuokota mpunga.

"Kwa nini unaliuza?" nilimuuliza. "Ni gari zima."

"Linawaka alfajiri."

"Ndiyo, linawaka vizuri sana," shemeji alidakia.

"Hujanielewa, kaka. Linawaka lenyewe. Marehemu alikuwa akitoka kabla ya adhana kwenda kupakia mbegu. Mpaka leo nalisikia. Linawaka, linanguruma pale pale, linangoja. Nikitoka nje nalikuta limezima, baridi, kuku wamelala juu yake."

Shemeji alinivuta pembeni. "Tuondoke. Gari la marehemu lina mwenyewe."

"Breki zake umeziona?"

Akaligeukia lile gari, akalitazama tena.

"Shemeji, nyumba ninayolala ni ya marehemu. Buti nilizovaa ni za marehemu. Unataka nianze kuogopa gari?"

Tulirudi siku nyingine na tela letu la mchanga. Lilipanda bila haraka, kama mzee anayeijua njia. Kwenye kushuka ndipo nilipolipenda: niliweka gia ya pili, na injini yenyewe ikalizuia lile tela, mguu wangu ukawa unagusa breki tu. Hatukusukumwa hata mara moja. Nilipolirudisha nyumbani kwa yule mama nilikuwa nimeshaamua.

Alikuwa na ombi moja. Alitaka kukaa ndani, upande wa abiria, niendeshe hadi barabarani na kurudi. Akapanda, akafunga mlango kwa namna ya peke yake, akiunyanyua kidogo ndipo akiuvuta, kwa sababu ya ile sehemu iliyobonyea. Njia nzima hakutazama nje. Alitazama mikono yangu.

"Unabadilisha gia mapema," alisema tulipokuwa tunarudi. "Yeye alikuwa anachelewa."

"Nitajifunza."

"Hapana, usijifunze."

Kwenye kioo cha ndani ilining'inia tasbihi ya shanga za kijani. Niliinua mkono nimtolee, mimi ni Mkristo na ile ilikuwa ya mume wake. Alinishika mkono.

"Iache. Nikiitoa atajua nimeliuza."

Safari yangu ya kwanza ndefu na lile gari ilikuwa ya kwenda Mikumi, harusini tena. Niliwapakia farasi asubuhi, nikawapaka dawa ya mbung'o, nikashusha vyandarua vya madirisha ya tela. Nilikuwa peke yangu. Gari lilivuta bila shida, na mimi nikaanza kupumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu ile ya petroli ilipofia mlimani.

Kisha watu wakaanza kunipungia.

Kwanza alikuwa mwanamke mwenye ndoo kichwani. Nilidhani anawapungia farasi. Halafu wanaume wawili waliokuwa wanafyatua matofali waliinua mikono bila hata kuangalia vizuri, kama unavyomsalimu mtu unayemwona kila wiki. Mbele kidogo bibi mmoja alisimama mlangoni kwake, akaita jina. Sikulijua lile jina, lakini nilijua ni la nani. Nilipita nimekodoa macho mbele. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona ametoka mpaka barabarani, mkono kwenye paji la uso, akiliangalia gari linavyokwenda bila kusimama.

Vijiji vyote vile vilikuwa vinalijua. Marehemu alikuwa akiwapelekea mbegu, akiwabebea mahindi, akiwabeba wagonjwa. Barabara ilikuwa imeharibika masika, magari hayakupita kwa muda mrefu, habari za kifo hazikuwafikia, na sasa gari lilikuwa limetokea tena. Ndani yake nilikuwa mimi, nimevaa buti za mtu mwingine.

Baada ya Ulaya kulikuwa na mashine ya kusaga, na mbele yake mzee mmoja aliyesimama katikati ya barabara kabisa, mikono ameitanua. Nilisimama. Akaja upande wangu akicheka, kicheko kikaisha aliponiona. Akachungulia kiti cha kushoto. Akaitazama ile tasbihi.

"Shikamoo baba," nilisema.

"Marahaba. Mwenyewe yuko wapi? Mwambie ashuke, leo hanikimbii. Nimemngoja na mbegu zake tangu lini!"

Nilizima injini. Sikuwa nimejiandaa. Nilipofiwa mimi, wengine ndio waliosambaza habari; kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mkeka. Sikujua maneno ya anayeleta msiba.

"Baba, mwenyewe hatunaye."

Aliliachia dirisha, akazunguka mbele ya gari, akakaa chini, mgongo umeegemea tairi la mbele. Kijana wa mashine alikuja kumuuliza kuna nini. Mzee alimjibu kwa neno moja la kilugha, na yule kijana akarudi ndani, akazima mashine.

Kimya kile ndicho kilichowatoa watu majumbani. Walikuja wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kusaga, nyuso zao zina unga. Walikuja wanaume kutoka mashambani. Wanawake walitandika kanga kwenye kivuli cha tela, wakakaa. Mmoja alianza kulia, wengine wakapokea. Mtu alipiga dua, mikono ikainuliwa. Farasi walitoa pua zao penye chandarua wakawaangalia.

Waliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuja na gari.

"Aliumwa nini?"

"Mke wake aliniambia kifua."

"Alizikwa lini?"

"Masika. Mvua zilikuwa nyingi."

"Na wewe, mama, ni nani yake?"

Nilifungua mdomo niseme kwamba mimi si mtu wake, kwamba nimenunua gari tu, kwamba sijawahi kumwona hata siku moja. "Mimi ni dereva," nilisema, na hapo kitu kikapasuka kifuani mwangu.

Sikuwa nimelia kwenye mazishi ya mume wangu. Watu walinisifu kwa uvumilivu. Pale, mbele ya mashine ya kusaga, kati ya watu nisiowajua, nililia mpaka nikashindwa kusimama. Mwanamke mmoja alinikalisha, akanifuta kwa upindo wa kanga yake yenye unga. "Lia, mama," aliniambia, "alikuwa ndugu yako." Sikumsahihisha. Nililia msiba wangu ndani ya msiba wao, na nilihisi kwamba marehemu wote wawili wamekaa kwenye kile kiti cha mbele, wanasikiliza.

Simu ikaita. Alikuwa mjomba wa bwana harusi.

"Mama Farasi, uko wapi? Huku watu wameshavaa!"

"Niko msibani."

"Msiba wa nani tena?"

"Wa mwenye gari."

Nilipoinuka kuondoka, walikuja mmoja mmoja wakaligusa lile gari, wengine boneti, wengine mlango uliobonyea. Mzee wa mbegu alikuwa wa mwisho. Aliuliza kama nitapita tena. Nikamwambia nitapita. Alisema basi nikifika pale nisipige honi, kwa sababu marehemu alikuwa akipiga, na yeye mzee moyo wake hautaweza.

Mikumi nilifika nimechelewa. Bwana harusi alipanda yule mweupe, matarumbeta yakapigwa, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama nimeshika hatamu, macho yamevimba, unga kwenye bega la gauni langu. Bibi harusi aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninaumwa. Nilimwambia ni vumbi la barabara.

Jioni ile ile nilimpigia yule mama wa Kilangali. Nilimweleza kila kitu: mashine iliyozimwa, kanga chini ya tela, dua.

"Walikuwa wengi?" aliuliza.

"Wengi. Hata kuhesabu sikuweza."

"Huku walikuja wachache. Mto ulikuwa umefurika, barabara imekatika. Tulimzika watu wachache mno, dada. Nilikuwa nawaza, mtu aliyebeba watu wote wale, azikwe hivi?" Nilimsikia akivuta pumzi. "Basi amepata matanga yake."

Sikumuuliza kama bado analisikia likiwaka alfajiri.

Gari halijanisumbua hadi leo. Shemeji alitaka kulipaka rangi nyekundu, akasema litasahaulika, nikakataa. Nikipita vijijini napunguza mwendo, nasalimia. Wapo wanaonipungia mimi sasa. Wapo ambao bado wanampungia yeye, najua tofauti kwa macho yao, na hao nawajibu kwa niaba.

Vuli iliyofuata yule mweupe aliugua. Alikonda, homa ikawa inakuja na kuondoka, daktari wa mifugo akasema ni ndorobo, ule ugonjwa wa mbung'o, na kwamba farasi huku kwetu huwa hawana maisha marefu. Alikufa asubuhi moja ya mvua, amelala ubavu. Tulimvuta kwa lile lile gari, minyororo kwenye ile ndoano, hadi shimoni nyuma ya shamba la mihogo. Yule jike alisimama uani akitazama mpaka tulipomaliza kufukia. Hakulia.

Watu bado wananiita harusini, ingawa wengi wanataka farasi mweupe. Nampakia jike peke yake. Tela sasa ni jepesi, na kwenye mashimo linarukaruka sana. Niliondoa ule ubao wa kati uliokuwa unawatenganisha, ili apate nafasi ya kusimama atakavyo. Nikifika Mikumi na kufungua mlango wa nyuma, namkuta kila mara vilevile: amebanana upande wake wa kulia, ubavu umegusa bodi, na upande wa kushoto majani yamelala kama nilivyoyatandika, hayajakanyagwa.